Somo la Historia: Mongbwalu ni mji wa nani?

Leo tuangalie Mongbwalu, mji mdogo wa teritware yetu ya Djugu, karibu kilometa 80 toka Bunia. Swali letu ni moja: mji huu ni wa nani?

1. Wenyeji wa kwanza. Mbele ya wazungu kufika, pori lile lilikuwa la Wanyali. Ndio maana hata leo sekta ile inaitwa Banyali-Kilo.

2. Dhahabu. Mwaka 1903, wakati wa mfalme Léopold II, watafuta madini wawili toka Australia walipata dhahabu karibu na Kilo. Machimbo yakaanza 1905. (Wengi wanafikiri Kilo-Moto ni fasi moja. Hapana. Kilo iko kwetu Djugu. Moto iko kule Watsa, katika Haut-Uele.) Kazi ilitaka mikono mingi, na machifu walilazimishwa kutoa watu. Wakaja Walendu, Wahema, Waalur na wengine. Wengi hawakuja kwa kupenda, lakini watoto wao walizaliwa kambini, wakacheza na kusema Kiswahili pamoja.

3. Vita. Toka 2002 vikundi vya silaha vilinyang'anyana Mongbwalu mara nyingi juu ya dhahabu. Watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao tu. Shirika la Human Rights Watch lilisema kwamba, kufika 2004, raia wasiopungua 2000 waliuawa mjini na kandokando yake.

4. Jibu. Wengine wanasema lugha ndiyo inaonyesha mtu ni wa nani. Lakini Wahema wa Djugu, ndio Wagegere, wanasema Kilendu toka zamani. Wakiongea na Walendu gizani, utawatenga namna gani?

Basi Mnyali apewe heshima ya mwenyeji wa kwanza. Na mzaliwa wa kambi asiambiwe arudi kwao, maana kwao ni pale pale. Mji ule ulijengwa na mikono ya wote. Hata hapa shuleni, neno "rudi kwenu" lisisikike tena, darasani wala uwanjani.

Maswali ya kujifunza:
a) Kwa nini sekta inaitwa Banyali-Kilo?
b) Kilo iko wapi, na Moto iko wapi?
c) Uliza mzee nyumbani: babu zetu walifikaje fasi tunapokaa?