Ganda la kenkina: ndani yake mna nini?

Katika vikundi vya Butembo na Beni tunasikia kila mara kwamba kenkina inaongeza nguvu ya mwili ya kujikinga na magonjwa. Watu wanachemsha ganda, wanakunywa, hata watoto wanapewa. Tuangalie basi kilichomo.

Mwaka 1820, kule Paris, Pelletier na Caventou walitoa kinini katika ganda hilo. Mna pia ndugu zake watatu: kinidini, sinkonini na sinkonidini. Wote ni wachungu. Kwa hiyo ulimi haupimi kitu. Ganda chungu sana laweza kuwa na kinini kidogo. Mnunuzi akionja tu na kukata bei, mwombeni kipimo cha maabara.

Kipimo kinafanywaje? Ganda linasagwa, linachanganywa na chokaa, kimiminiko fulani kinavuta zile dawa, halafu asidi inazitoa humo. Ndani ya asidi, kinini ikimulikwa na taa kama ile ambayo wenye maduka wanapimia noti za dola, inang'aa buluu. Kinidini nayo inang'aa. Wale wawili wengine hapana. Ndiyo maana kazi haiishii kwenye taa: dawa zinatenganishwa moja moja, ndipo zinahesabiwa.

Aina ya ledgeriana ina kinini nyingi kuliko succirubra, na ganda la shina na la mizizi linashinda la matawi. Ukichanganya yote gunia moja, lile zuri linauzwa kwa bei ya lile baya.

Sasa ile kinga. Kinini haiongezi askari wa mwili. Inaua kijidudu cha malaria ndani ya damu, basi. Anayekunywa kila siku anapata masikio yanayolia na kizunguzungu. Ikizidi, moyo unapiga vibaya na macho yanaweza kupofuka. Na kikombe cha nyumbani, nani anajua kina kinini kiasi gani? Kwa mtoto ni hatari zaidi.

Tena homa ya huku kwetu si malaria tu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020 ilianza kwa homa kama ile ile. Mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje chungu kichemke.

Kwa mauzo: andikeni kwenye kila gunia aina, umri wa mti na sehemu lilikotoka ganda. Chukueni kidogo kutoka kila gunia la aina moja, changanyeni, gawanyeni mara mbili. Nusu iende maabara, nusu ibaki kwenye depo, pakavu.