Simu Imejisasisha na Programu Imekataa Kufunguka? Usitume Pesa Mara Mbili

Simu yako ilijisasisha usiku ikiwa kwa chaji. Sasa uko dukani na maziwa na mkate mkononi, unafungua programu yetu ulipe, halafu inaandika "Hitilafu imetokea" na kujifunga. Foleni nyuma yako imeanza kuguna.

Pole sana. Lakini tulia kidogo, kwa sababu ni hapa ndipo watu hupoteza pesa: mtu anatuma mara ya pili, au anampa PIN "mhudumu" asiyemjua. Hitilafu yenyewe haili pesa. Pesa zako hazikai ndani ya simu, ziko kwa akaunti yako kwenye mitambo yetu. Programu ni mlango tu.

Ukiwa bado dukani

Kama programu ilijifunga katikati ya malipo, usirudie kwanza. Angalia kama umepata SMS yenye nambari ya muamala. Hakuna? Tumia ile menyu yetu ya kubonyeza nyota, ambayo haihitaji intaneti, uangalie salio na miamala ya mwisho. Kama pesa zimetoka, mwombe mwenye duka aangalie upande wake. Kama hazijatoka na hakuna muamala unaosubiri, lipa kupitia menyu hiyo hiyo.

Ukifika nyumbani

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Programu ikifunguka, ishia hapo.

1. Zima simu kabisa, kisha uiwashe.

2. Angalia tarehe na saa. Vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hivyo simu yenye tarehe mbaya inaweza kukataa kuunganishwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe.

3. Angalia nafasi. Simu ikijaa, programu hukwama. Futa zile video za magrupu.

4. Sasisha programu yetu pia, kutoka Play Store au App Store pekee. Mfumo mpya wa simu na toleo la zamani la programu wakati mwingine haviskizani.

5. Kwa Android, ingia Settings, kisha Apps, uchague programu yetu. Hakikisha ruhusa zake zimewashwa, halafu bonyeza "Clear cache". Hii hufuta faili za muda tu. Usichanganye na "Clear data", ambayo itakulazimu kuingia upya.

6. Mwisho kabisa, iondoe na uiweke tena. Hakikisha laini uliyosajili iko ndani ya simu hiyo, maana tutaithibitisha upya.

Na kama yote yamegonga mwamba?

Huenda shida si yako. Machi 2021, sasisho mbovu la WebView, sehemu ya Android inayosaidia programu kuonyesha kurasa za wavuti, lilifanya programu nyingi zijifunge ovyo duniani kote. Google ilitoa marekebisho, na waliosasisha WebView na Chrome wakaendelea na maisha. Kwa hivyo sasisha hizo mbili pia.

Bado? Piga picha ya ujumbe wa hitilafu, kisha utufikie kupitia nambari zetu rasmi. Tuambie aina ya simu yako na hitilafu ilianza lini. PIN usituambie. Hatuihitaji, na hatutawahi kukuuliza.

Mtu akikupigia akisema "tumeona programu yako ina shida", au akikutumia linki ya WhatsApp ya "toleo jipya", huyo ni tapeli. Kata simu.

Mwonyeshe pia mzazi au jirani ile menyu ya nyota leo, kabla simu yake haijajisasisha.