Vumbi Lisilotoka Kwenye Bomba la Moshi

Watumiaji wengi hupima uchafuzi wa gari kwa kutazama moshi. Hata hivyo, gari lisilotoa moshi huendelea kutoa vumbi: pedi za breki husagika, matairi hulika, na magurudumu hutimua udongo wa barabarani. Gari la umeme nalo halijaepukana na vumbi hilo.

Kwa nini tulizingatie

Sehemu ya vumbi hili ni chembe zisizozidi maikroni 10, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe hizo huvutwa kwa pumzi hadi mapafuni. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni ya Euro 7, uliweka kwa mara ya kwanza kikomo cha chembe zinazotoka kwenye breki.

Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang, suala hili ni la afya na la mfuko pia. Dereva anayeteremka Mlima Magara huku amekanyaga breki muda wote humaliza pedi mapema. Na breki zikipata joto kupita kiasi, hupoteza nguvu.

Tunashauri yafuatayo

1. Teremka kwa gia nzito, ili injini isaidie kupunguza mwendo.
2. Pima upepo wa matairi angalau mara moja kwa mwezi, yakiwa baridi. Fuata kipimo cha mtengenezaji wa gari; aghalabu hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hulika haraka.
3. Nunua pedi zenye jina la mtengenezaji na maelezo kwamba hazina asbesto, madini yanayosababisha saratani. Bei ndogo isikushawishi kununua kipuri kisicho na maelezo.
4. Usikubali fundi apulize vumbi la breki kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.
5. Punguza mwendo kwenye barabara isiyo na lami, hasa wakati wa kiangazi, karibu na shule, zahanati na masoko.

Haki yako

Dai risiti na utunze kifungashio cha kipuri. Kipuri kikiwa na kasoro, kirudishe kwa muuzaji ukiwa na vielelezo hivyo. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi katika Tume ya Ushindani.