Somo: Mkataba wa Kijiji Uko Wapi?

Maneno ya somo hili: mkataba, muhtasari, nakala, fidia, hekta. Yasome kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Ndugu msomaji, siku ulipoweza kuandika jina lako ulifurahi. Hata jirani zako walifurahi. Lakini jina lako ni mali. Ukiliandika kwenye karatasi ambayo hukuisoma, umetoa mali yako bila kujua imekwenda wapi. Hebu tusome yaliyotokea Kisarawe, mkoa wa Pwani.

Kampuni moja kutoka Uingereza, jina lake Sun Biofuels, ilitaka ardhi ya kulima mibono. Mbegu za mbono hukamuliwa mafuta, na mafuta hayo huweza kuendesha magari. Kampuni ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99. Ilikuwa ardhi ya vijiji 11. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Chukua kalamu upige hesabu: ni kama ekari 20,000! Na miaka 99 ni mingi. Mtoto anayenyonya leo atakuwa mzee sana kabla haijaisha.

Watu hawakufukuzwa kwa fimbo. Waliitwa mikutanoni, wakasikiliza. Wanavijiji walieleza baadaye kwamba waliahidiwa kazi, visima, zahanati, barabara na shule. Nani asiyetaka kisima? Mama anayetembea na ndoo kichwani tangu alfajiri akisikia neno kisima, atanyosha mkono. Mimi ningenyosha.

Kazi shambani zilipatikana kweli, kwa muda. Halafu mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Mamia ya wafanyakazi waliachishwa kazi. Wanavijiji wakauliza: visima vyetu je? Hapo ndipo jambo lenyewe lilipojulikana. Ahadi nyingi zilikuwa za mdomo. Vijiji havikuwa na mkataba mkononi wenye kusema: kisima kimoja mahali fulani, kitachimbwa na fulani, kabla ya tarehe fulani. Basi utamdai nani, na kwa karatasi gani?

Na ardhi je? Wengi hudhani mgeni akishindwa, shamba linarudi kijijini lenyewe, kama jembe uliloazima jirani. Sivyo. Ardhi ya kijiji ikitolewa kwa mwekezaji wa namna hii, kwanza inahamishwa na kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, Halmashauri ya Kijiji haina tena mamlaka juu yake. Mwekezaji anaweza kuondoka na ardhi isirudi. Huko Kisarawe kampuni nyingine ilishika mahali pa ile ya kwanza, na wanavijiji wakabaki wanauliza.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya mwaka 1999. Inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote. Si mali ya mwenyekiti. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Na Mkutano Mkuu ni wewe, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi.

Ardhi inayotakiwa kuhamishwa ikiwa haizidi hekta 250, ni Mkutano Mkuu unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye mwenye uamuzi, lakini lazima Mkutano Mkuu nao usikilizwe. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ardhi ya kijiji haihamishwi mpaka pawe na makubaliano juu ya fidia. Fidia ya aina gani, kiasi gani, italipwa vipi na lini. Yote manne. Akija mtu akasema, "Tieni sahihi kwanza, fidia tutaongea baadaye," ameruka hatua. Mrudisheni.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Ya kwanza ni muhtasari wa mkutano, yaani maandishi ya yale yaliyosemwa na kuamuliwa. Mkutano ukisema tumekubali ekari 100 na muhtasari ukaandika ekari 1,000, atakayekuja mwaka kesho atasoma 1,000. Kwa hiyo muhtasari usomwe mbele ya watu kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Ukisikia kosa, nyosha mkono pale pale.

Ya pili ni karatasi ya mahudhurio. Hii ni ya kuonyesha nani alikuja. Siyo karatasi ya kukubali. Tazama kichwa chake kabla ya kuandika jina. Kama juu hakuna maneno yoyote, usiandike, maana maneno yanaweza kuongezwa wewe ukiwa umeshalala. Kisha kuna mkataba na ramani. Nakala zibaki kijijini, sahihi na mihuri ikiwa kamili, si kwenye mkoba wa mtu mmoja anayeweza kuhama au kufa.

Najua utaniambia, "Mwenyekiti ni shemeji yangu. Nikimwomba karatasi ataona namwita mwizi." Ni kweli, jambo hili ni gumu kijijini, ambako tunazikana na kuozana. Basi usiende peke yako. Nendeni wanne au watano, kwa heshima. Au uliza katika Mkutano Mkuu, ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kiongozi safi atafurahi, maana karatasi iliyosomwa na wote inamkinga naye.

Mkinyimwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, ofisa akamwandikia. Lakini wewe unajua. Andika hivi:

Kijiji cha ............
Tarehe ............

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Yah: Kuomba nakala ya mkataba

Mimi ............, mkazi wa kitongoji cha ............, naomba nakala ya mkataba kati ya kijiji chetu na ............, pamoja na muhtasari wa Mkutano Mkuu ulioukubali mkataba huo.

Wako,
............

Andika barua mbili zinazofanana. Moja mpe, ya pili aitie muhuri na tarehe ya kupokea, nawe uitunze. Siku 30 hesabu kuanzia hapo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Wanavijiji wa Kisarawe waliahidiwa nini? Kwa nini ilikuwa vigumu kudai?
2. Ekari 500 ni hekta ngapi? Je, ni zaidi ya hekta 250?
3. Kijiji chenu kimewahi kumpa ardhi mtu au kampuni kutoka nje? Nani katika kikundi amewahi kuiona karatasi yake kwa macho?