SOMO: KUFIKWA NA JAMBO NA KULISHUHUDIA

Amma baada ya hayo. Fahamu, ndugu msomaji, ya kuwa neno ni amana, khasa neno la kusimulia mashaka yaliyompata mtu mwingine.

Tutwae mfano wa Rungwe. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza, yakitoka pande za Nyasa, yaliingia Tukuyu, mji ambao zama za Wadachi ukiitwa Neu Langenburg. Watu wengi wakatwaliwa kuchukua mizigo ya vita. Na mwaka 1918 yakafuata maradhi ya mafua yaliyoenea dunia nzima.

Sasa mjukuu aandika khabari za babu yake aliyekuwa mpagazi, asema: “Babu alishuhudia vita.” Je, amesema sawa? Kushuhudia ni kuhudhuria jambo na kuliona kwa macho, na humo ndimo ulimotoka ushahidi. Hata aliyesimama kilimani akatazama moshi kwa mbali ameshuhudia, ijapokuwa hakuguswa na unyasi. Basi mjukuu hakusema uwongo, lakini amempunja babu yake. Na aseme, “alifikwa na vita,” kwani hapo vita ndivyo vilivyomjia, naye hakuulizwa.

Je, aseme “alivumilia”? Hilo ni neno la moyo. Asiliandike ila kwa yakini, maana wako waliotupa mizigo usiku wakakimbia, nao pia walifikwa. Na “alisubiri vita” asiseme kabisa: asili yake ni subira, walakini wasomaji wengi wa leo watafahamu kuwa mzee alikaa akivingoja! Ama “aliishi vita,” kama wasemavyo baadhi ya vijana, hicho si Kiswahili. Mtu huishi wakati wa vita.

Kwa yale mafua, aliyeugua akainuka tuseme amepona. “Ameokoka” ni neno sahihi, lakini Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na huko ukisema mtu ameokoka, wengi watafahamu kuwa unataja imani yake, si homa yake. Kwa aliyekuwa karibu na mauti akaepushwa, mimi napenda “alinusurika.” Asili yake ni nusura, yaani msaada, basi alitamkaye amekiri ya kuwa alisaidiwa. Mjukuu akijua kwamba babu aliugua mwaka ule akainuka, lakini hajui ugonjwa ulifika wapi, aandike “alipona,” akome hapo.