Kurekebisha Makosa ya Rangi Katika Gita la Kujiundia

Utangulizi

Gita la umeme la kujiundia huuzwa vipande vipande: kiwiliwili cha mbao kilichokwisha kuchongwa, shingo, vigingi vya kukazia nyuzi, vinasa sauti na nyaya zake. Kazi inayobakia kwa mnunuzi ni kusugua, kutia rangi na kuunganisha. Katika hizo, kutia rangi ndiko aghalabu kunakowashinda wanaoanza.

Chukuliwe mfano wa kijana aliyenunua gita la namna hii kwa akiba ya miezi mingi. Alipaka rangi ya buluu ya kupenya mbao, nayo ilipokauka yakatokea mabaka meupe kandokando. Kwa haraka alishika msasa mkavu namba 80 akasugua kwa nguvu. Mabaka yalitoweka, lakini mahali pake pakatokea mbao ya namna nyingine kabisa, isiyo na mapambo. Kosa la kwanza lilikuwa na dawa. La pili halina. Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kujua jinsi mbao inavyopokea rangi.

Jinsi mbao inavyonywa rangi

Mbao imejengwa kwa mirija myembamba mno iliyolala kwa urefu wa mti. Kimiminiko kikiigusa, huvutwa ndani ya mirija hiyo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Kwa sababu hiyo vichwa vya mbao, mahali mirija ilipokatwa, hunywa rangi nyingi na kuwa vyeusi zaidi kuliko ubavu.

Rangi zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza huyeyuka kabisa katika maji au spiriti, ikaingia hadi kwenye kuta za mirija. Ya pili ni ungaunga usioyeyuka. Chembe zake hukwama katika vinyweleo vya mbao na katika mikwaruzo ya msasa. Ndiyo maana mikwaruzo iliyokata nyuzinyuzi za mbao, ambayo haikuonekana kabla, hujitokeza kama mistari myeusi baada ya kupaka.

Gundi nyeupe ya seremala ikikauka huwa utando wa plastiki unaoziba mirija. Rangi haipenyi hapo, na baka jeupe hubaki. Baadhi ya viwiliwili hupakwa kizibo kiwandani, navyo hukataa rangi kila mahali.

Kutambua chanzo

Jaribio ni rahisi. Tone la maji huwekwa juu ya baka na jingine juu ya mahali palipopokea rangi vizuri. Tone likisimama kama umande juu ya jani la mgomba, mbao imezibwa. Likizama, mbao i wazi na chanzo ni kingine: msasa usio sawa, au rangi iliyoachwa ikauke kabla ya kufutwa.

Kisha hapana budi kutazama ubavu na mashimo ya vinasa sauti. Ikiwa uso wa juu ni vinia, yaani karatasi ya mbao ya mapambo iliyogandishwa, tabaka lake huonekana hapo. Unene wake aghalabu ni kama nusu milimita tu. Hili ndilo kijana yule hakulitazama. Kiwiliwili cha mbao nzima, kama mkangazi, huwa na unene wa zaidi ya sentimita 4, nacho huvumilia kusuguliwa.

Namna ya kutibu

1. Baka la gundi: lilainishwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha gundi ikwanguliwe taratibu kwa ukingo wa chuma, kufuata nyuzinyuzi. Juu ya vinia maji yawe machache, kwani yakizidi huiinua. Pakikauka, pasuguliwe kidogo kwa msasa namba 220, kisha parudiwe rangi.

2. Rangi iliyozidi: ifutwe kwa kiyeyusho chake. Rangi ya maji hupunguzwa kwa kitambaa chenye maji, ya spiriti kwa spiriti, ya mafuta kwa tapentaini kabla haijakauka.

3. Mikwaruzo: kwa mbao nzima, uanzwe msasa namba 120, ufuate 180 na kumalizia 220, daima kwa kufuata nyuzinyuzi. Vichwa vya mbao visuguliwe kwa msasa laini zaidi ili vipunguze kunywa rangi.

4. Vinia iliyokwisha: hairudi. Huweza kufichwa tu, kwa kupaka kingo rangi nzito inayofifia kuelekea katikati, mtindo unaoonekana katika magita mengi ya tangu zamani.

Kila tiba ijaribiwe kwanza ndani ya shimo la kinasa sauti, mahali patakapofunikwa. Mfuko wa kuingizia shingo usisuguliwe wala kupakwa, maana shingo ikilegea gita halitashika sauti sawasawa.

Tahadhari

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huweza kufifisha baadhi ya rangi zinazoyeyuka, lakini kamwe isichanganywe na siki wala amonia, kwani hutoa hewa ya sumu. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta visirundikwe: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo huweza kushika moto lenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja. Vumbi la msasa nalo lizuiwe kwa kufunika pua na mdomo.

Hitimisho

Baka juu ya mbao ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Tone moja la maji na kutazama ubavu huchukua dakika chache, nazo huokoa kiwiliwili ambacho msasa ungekiharibu. Fundi hutambua kwanza, kisha hutibu. Na msasa humjia mwisho.