Kabla Mzee Hajapanda Meli Kuja Mjini

Ukikaa Mabatini hapa Mwanza, simu hii unaijua: mama huko Ukerewe miguu inamuuma, kesho anapanda meli. Anafika jioni, anakongoja na fimbo kwenye ngazi za mawe hadi chumba chako mlimani, na alfajiri mnashuka tena kwenda hospitali. Dirishani anaulizwa barua ya rufaa. Hana. Kitambulisho cha matibabu ya wazee je? Kiko kwa mtendaji wa kijiji, hakijafuatwa. Siku imekwenda, na nauli nayo.

Kazi kubwa ifanyike kijijini, kabla ya safari.

Sera ya Afya ya 2007 inawapa wazee wa miaka 60 na kuendelea, wale wasiojiweza, msamaha wa gharama za matibabu. Wengi hudhani mvi zinatosha. Hazitoshi, lazima mzee atambuliwe na aandikwe. Mpigie mtendaji wa kijiji umuulize kama jina la mama limo kwenye orodha. Ukizungushwa, mfuate afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana kazi hii ni yake.

Angalia sana majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, kadi ya kliniki ina jina la ubatizo, na majirani wanamwita Mama Fulani. Tofauti ya herufi mbili tu inaweza kumrudisha mzee nyumbani. Yalinganishe mapema.

Kisha aanzie zahanati ya karibu. Huko ndiko presha inakopimwa, na ndiko rufaa inakoanzia ikihitajika. Karatasi zote, pamoja na maboksi ya dawa anazomeza, ziingie kwenye mfuko mmoja anaoubeba mwenyewe.

Asindikizwe na mtu anayejua Kikerewe au Kisukuma chake. Mzee akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka huitikia "ndiyo" kwa kila kitu, kwa heshima tu, na maumivu yake hayaandikwi. Mwache ajieleze mwenyewe kwanza. Inaniuma kuona mtu mzima akisemewa kama mtoto mbele ya daktari. Mkifika, ulizieni dirisha la wazee, msipange foleni ya wote.

Jioni hii mpigie mama. Ukishamwamkia, mwombe mjukuu akusomee jina lililo kwenye kila kadi yake, herufi kwa herufi.